Hewa Iliyogusa Shuka

4 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Mwalimu wetu wa lugha anasema barua nzuri huanza kwa kuuliza hali, kwa hiyo nauliza: hali yako? Unakula? Usijibu "ndiyo" tu, taja ulichokula.

Sisi wazima. Baba mzima, ingawa anadai mimi ndiye ninayemzeesha. Mvua imeanza na haina dalili ya kuchoka. Kazi inaendelea vizuri.

Nina swali la fizikia. Ni la shule. Tumeambiwa kila mtu achague jambo moja alichunguze mwenyewe, nami nimechagua upepo. Chukua kitu bapa, kirefu na chembamba, halafu feni ikipulizie kutoka upande mmoja. Ufanye nini ili upepo upite juu yake vizuri kabisa mpaka mwisho? Nimeona upande ulio karibu na feni unafaidi kuliko upande wa mbali, na sielewi kwa nini, maana hewa ni ile ile na hakuna ukuta katikati.

Nakuuliza wewe kwa sababu huko chuoni mnalo lile handaki la upepo, bomba kubwa la kupulizia vitu hewa na kupima. Nimewaambia wenzangu darasani kwamba dada yangu anafanya utafiti kwenye handaki. Mmoja akauliza treni hupita saa ngapi.

Nijibu kwa barua, si kwa simu. Kwenye simu Baba husimama nyuma yangu akininong'oneza la kusema, mwishowe anakuwa ameongea yeye kwa mdomo wangu.

Nakupenda.

Kibanio


4 Aprili

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii uisome peke yako, na ukimaliza usimwambie mtu, hasa Dada, na hasa Baba. Najua Baba ni mtoto wako na una haki ya kumwambia lolote, lakini leo naomba uwe upande wangu.

Mambo hapa si mazuri. Unajua mashine ya kufulia ya hospitali iliharibika, wakaleta mashuka yao yote kwa Baba. Tulifurahi. Lakini mvua ilipoanza hatukuweza tena kuanika nje, na sasa kila kitu kinakaushwa kwenye kile chumba cha nyuma chenye feni kubwa na hita. Mashuka ni mengi kuliko kamba. Baba ameongeza kamba, zimebanana mpaka ukipita katikati unatoka umelowa kama uliyeogeshwa.

Upande wa shuka unaoelekea feni unakauka. Upande wa mbali unabaki mbichi. Ukigusa haraka haraka unaona limekauka, ukilikunja na kulilaza, kesho linanuka.

Matroni wa hospitali ana namna yake ya kukagua. Haangalii shuka la juu. Anachomoa moja katikati ya bunda, analiweka shavuni, anafumba macho. Wiki iliyopita alifumba macho, akayafumbua, akamwambia Baba, "Fundi, mgonjwa wangu nimlaze kwenye hili?" Mzigo ulirudi wote. Matroni kasema atavumilia kidogo kwa sababu ya mvua, lakini hatavumilia milele. Mashuka ya hospitali yakiondoka, duka letu la dobi litabaki na mashati ya majirani tu.

Nilisema tumuulize Dada, kazi yake si upepo na joto? Baba alinitazama kama nimemwaga maji ya rangi kwenye nguo nyeupe. Akasema, "Dada yako akisikia neno moja la hili, kesho yake yuko kwenye basi na mizigo yake." Ni kweli. Alifanya hivyo Mama alipougua. Aliacha chuo mwaka mzima akakaa hapa kufua na kunipeleka shule, na Mama alipofariki ilibidi Baba amfukuze ndipo akarudi kusoma. Huu ni mwaka wake wa mwisho.

Kwa hiyo nimemuuliza kwa kuzunguka, nikasema ni kazi ya shule. Je, huo ni uongo? Nimechagua upepo kweli.

Kuna kitu kingine, Bibi, nakuambia wewe tu. Ningeandika sentensi moja ya kweli, Dada angerudi nyumbani. Nilikaa na kalamu nikaifikiria hiyo sentensi kwa muda.

Mjukuu wako,
Kibanio


11 Aprili

Kibanio wangu,

Marahaba. Jana nilikula mkate na mayai asubuhi, mkate na mayai jioni. Nimetaja, usiulize tena.

Nimelipenda swali lako kuliko unavyodhani. Fanya hivi: panda kwenye kiti, zima feni, utazame mapanga yake. Utakuta vumbi. Feni inazunguka kutwa nzima, inapeperusha karatasi mezani, lakini haiwezi kujipangusa vumbi lake yenyewe. Kwa nini?

Kwa sababu hewa inayogusa kitu haipiti. Imeshika pale pale kana kwamba imepakwa gundi. Hewa iliyo juu yake kidogo inataka kwenda, lakini inavutwa nyuma na ile iliyosimama. Ya juu zaidi inavutwa kidogo, na ya juu zaidi kidogo tena, mpaka unaifikia hewa inayokwenda zake kwa kasi yake yote bila habari kwamba huko chini kuna kitu. Eneo hilo jembamba, toka hewa iliyosimama mpaka hewa iliyo huru, tunaliita tabaka la mpaka. Juu ya bamba la chuma ninalofanyia utafiti hata unene wa kidole halifiki. Lakini kila kinachotokea kati ya upepo na bamba hutokea humo: msuguano, joto, kila kitu.

Tabaka hilo huanza jembamba sana kwenye ukingo unaokabili upepo, kisha hunenepa kadiri hewa inavyosonga mbele. Ndiyo maana upande wako wa mbali haufaidi. Si kwamba upepo haufiki. Unafika, lakini unapita juu ya blanketi la hewa iliyochoka.

Sasa unataka upepo upite vizuri. Basi kitu chako kiwe laini. Kinyooke sawasawa, kisitikisike. Ukingo wa mbele uwe mwembamba, usiwe na nundu wala mkunjo. Hapo hewa itapita kwa utulivu, tabaka juu ya tabaka, kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Ukiikwaza itaanza vurugu, visulisuli vidogo vidogo, na msuguano utaongezeka.

Mimi ni mzima na kazi inakwenda vizuri. Bamba langu ninalipasha joto, nalipulizia upepo, napima joto linalochukuliwa na hewa. Ni kama kupoza chai kwa mdomo, ila chai yangu ni ya chuma na mdomo wangu unatumia umeme mwingi.

Msalimie Baba. Mwambie asibebe mabunda mazito peke yake. Na wewe usikue haraka, nataka nikirudi bado niweze kukuita mdogo.

Dada yako


12 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Naandika kwako kwa sababu nyumbani nimeshaandika kwamba kila kitu ni kizuri, na siwezi kuandika uongo mara mbili kwa wiki moja.

Utafiti wangu umekwama. Nadharia inasema bamba laini, kwenye upepo tulivu, litapoteza joto kiasi fulani. Bamba langu linapoteza zaidi, tena zaidi sana. Nimelisugua mpaka najiona usoni. Nimebadilisha vipimajoto. Nimekagua hesabu mpaka naziota. Kila nikipima napata jibu lile lile lisilotakiwa.

Profesa wangu si mkali, angekuwa mkali ingekuwa rahisi. Ananisikiliza tu, kisha anasema, "Haya, jaribu tena." Lakini handaki moja tunaligombania wengi, na katikati ya mwezi ujao naliachia mwingine. Bila vipimo vinavyoeleweka sina cha kuandika.

Bibi, nimeanza kufikiri kwamba huenda mimi si mtu wa kazi hii. Nafikiria kurudi kumsaidia Baba. Pale shuka likikauka limekauka, hakuna nadharia ya kubishana nalo. Natafuta tu namna ya kumwambia bila kumvunja moyo. Laiti angeniita mwenyewe.

Usimwambie mtu.

Mjukuu wako mkubwa


17 Aprili

Bibi yangu,

Shikamoo. Tumepata dawa!

Dada kajibu, kurasa mbili na mchoro. Kwanza nilipanda kwenye kiti kutazama vumbi la feni. Baba akaingia. Akasema, "Kumbe siku hizi nakaguliwa na mwanangu?" Nikamweleza kuhusu hewa inayoshika. Akasema hajawahi kusikia mtu mchafu akijitetea kwa ustadi kiasi hicho. Lakini alisoma barua mpaka mwisho, amesimama, kitambaa begani.

Kisha akasema, "Kunyoosha? Kunyoosha ndiyo kazi yangu." Bibi, unamjua mwanao. Hawezi kuona mkunjo akalala. Tumefunga mabomba mazito chini ya kila shuka ili lisipepee. Tumeyavuta yakawa kama ngozi ya ngoma. Kila uso ni laini, hakuna kinachotikisika. Chumba kimetulia mpaka unasikia feni tu. Baba alisimama mlangoni akasema kwa sauti ya chini, "Sasa hiki ni chumba."

Kesho asubuhi tunapeleka mzigo.

Kibanio


28 Aprili

Kwako mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Marahaba. Nimepata barua yako ya mistari mitatu. Kwa hiyo mzigo umerudi tena, tena mbichi kuliko mara ya kwanza, na matroni amesema safari ijayo ndiyo ya mwisho. Na baba yako hajala. Mwache, akishikwa na njaa atakula, hajawahi kushindana na sahani akashinda.

Sasa nisikilize. Nimekuwa kabati la siri za ukoo huu kwa muda mrefu. Kila mtu anafungua mlango, anatupia chake, anafunga, anakwenda zake kwa furaha. Kabati limejaa. Nguo zinamwagika.

Unaniuliza kama ulidanganya. Hukudanganya, ulimpa dada yako swali lililokatwa kichwa, naye akakijibu kile kiwiliwili. Ulimwambia unataka upepo upite. Je, ulimwambia una shuka lenye maji? Fundi hashoni nguo ya mtu asiyemwona.

Mwandikie yote. Unaogopa atarudi, na unaogopa zaidi kwamba utafurahi akirudi. Yote mawili mwambie. Yeye ni mtu mzima, mizigo yake atafungasha au kufungua mwenyewe.

Baba yako mimi nitashughulika naye. Nilimkanya akiwa na meno mawili, sitashindwa leo.

Bibi yako


28 Aprili

Mjukuu wangu mkubwa,

Unataka kurudi, rudi, nyumba ni yenu. Lakini uje kwa miguu yako mwenyewe. Usije ukajificha nyuma ya mashuka ya baba yako ukasema yeye ndiye aliyekuita. Subiri barua kutoka nyumbani kabla hujafanya lolote. Mimi sisemi zaidi, nimeshasema mengi leo na wino umebaki kidogo.

Na ule kitu zaidi ya mkate na mayai. Ndiyo, naambiwa kila kitu.

Bibi yako


2 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Kaa kwanza ndipo usome.

Kitu bapa nilichokuuliza ni shuka. Si la shule, ni mashuka ya hospitali. Mvua haituruhusu kuanika nje, na kwenye chumba cha nyuma hayakauki upande wa mbali na feni. Matroni ameshayarudisha mara mbili. Baba alinikataza kukuambia kwa sababu ya mwaka ule wa Mama. Nikakuuliza nusu. Ukajibu vizuri, nasi tukafanya kila ulichosema, tukanyoosha na kulainisha na kuzuia yasipepee, na yamekuwa mabaya zaidi. Hata sehemu iliyokuwa ikikauka zamani sasa inachelewa. Sielewi. Upepo unapita vizuri kweli, nimeweka uzi karibu na shuka nikaona umelala kimya umenyooka. Unapita, unakwenda zake, shuka linabaki na maji yake.

Nimechunguza kila shuka kama ulivyonifundisha, bila kuamua jibu kabla ya kutazama. Kuna jambo moja la ajabu. Unajua mashuka ya hospitali yana pindo pana upande wa kichwani, lile lililoshonwa mara mbili, nene. Baba huyatundika bila kuangalia kichwa kiko wapi. Mengi pindo lilikuwa upande wa mbali. Machache pindo lilielekea feni, na hayo machache yamekauka kuliko mengine, si sana, ila ukiweka shavu unajua. Nilidhani nimekosea. Nikayageuza mengine mawili, nayo yakakauka vizuri zaidi. Lakini wewe ulisema ukingo wa mbele uwe mwembamba bila nundu, na pindo ni nundu tupu. Kwa hiyo ama mimi nimekosea ama shuka.

Matroni ametupa nafasi moja tu, wiki mbili kuanzia leo.

Baba anajua ninaandika. Bibi alimpigia simu. Sikusikia alichosema, ila Baba alisema "Ndiyo Mama" mara nyingi mfululizo, kisha akaniletea bahasha.

Dada, tafadhali usirudi. Nimeandika hivyo na mkono unakataa, lakini ndivyo ninavyotaka. Tuambie tu la kufanya.

Kibanio


7 Mei

Kibanio wangu, Kibanio, Kibanio,

Barua yako imenikuta nikiwa na begi wazi kitandani. Sitakudanganya tena. Kabla hujaniandikia nilikuwa nimeshaweka nguo zangu nusu. Nusu ya pili nitakueleza chini. Kwanza mashuka.

Kosa ni letu sote wawili. Uliniuliza jinsi ya kuufanya upepo upite kwa urahisi, nikakupa jibu la mtu anayetengeneza bawa la ndege. Lakini wewe hutaki upite kwa urahisi! Unataka uondoke umebeba maji. Unyevu ukitoka kwenye shuka lazima uvuke lile tabaka la mpaka ndipo ufike kwenye hewa huru. Tabaka likiwa tulivu, kama kurasa za kitabu, unyevu unapenya ukurasa mmoja mmoja, taratibu mno. Tabaka likiwa na vurugu, visulisuli vinachota unyevu chini vinautupa juu, vinashusha hewa kavu. Upepo usiosuguana na shuka hauchukui chochote kutoka kwake. Msuguano na ukaukaji hutembea pamoja. Ninayajua haya, nimeyafanyia mitihani. Ningejua una maji mkononi ningekuambia siku ile ile.

Kwa hiyo hukukosea, wala shuka halikukosea. Pindo nene likikabili feni linaikwaza hewa mlangoni, na vurugu inaanza mapema.

Fanyeni hivi. Toeni mabomba, liacheni shuka lipepee, na mwambie Baba afumbe macho kama hawezi kutazama. Mapindo yote yaelekee feni. Halafu ondoeni zile kamba za nyongeza. Kila shuka linajenga blanketi lake la hewa chovu kila upande, na mashuka yakibanana mablanketi yanakutana katikati, ndipo hakuna tena hewa kavu ya kuingia. Tundikeni nusu, yakauke, kisha nusu nyingine. Itaonekana kama kuchelewa. Jaribuni.

Sasa nusu ya pili. Mimi pia nilikuandikia kwamba kazi inakwenda vizuri. Haikuwa hivyo. Bamba langu lilipoteza joto kuliko nadharia inavyosema, nami nikaamua kwamba mimi ndiye mbovu. Nikasoma habari ya pindo lako. Nikakaa. Nikatoka mbio na viatu vya ndani, mlinzi wa maabara akaniuliza kama nyumba inaungua.

Ukingo wa mbele wa bamba langu, Kibanio, pale ninapoingizia waya wa kipimajoto, nimeubandika kwa utepe wa gundi. Nimebandika na kubandika tena juu yake kila ulipochubuka. Nimelisugua bamba lote likang'aa, na huo utepe nimeuacha hapo mbele kabisa, mnene kama pindo la shuka, tangu siku ya kwanza. Nilikuwa naupita kwa macho kama mtu asivyouona mlango wa nyumba yake.

Nimeubandua. Nimepitisha waya kwa chini. Nikapima, na joto linalopotea limeshuka hadi karibu kabisa na nadharia. Nikaurudisha utepe, likapanda. Nikautoa, likashuka. Nilikuwa sijakosea kupima hata siku moja. Nilikuwa napima vurugu nikidhani napima utulivu.

Profesa alicheka mpaka akavua miwani. Akasema vipimo vyote viwili viingie kwenye utafiti, na ameniongezea muda kwenye handaki. Akauliza nimegunduaje. Nikasema mdogo wangu aligeuza shuka. Akasema, "Huyo anasoma chuo gani?" Nikamwambia bado yuko sekondari, na fizikia anaifanyia kwenye chumba cha nyuma.

Nguo nimezitoa kwenye begi. Lakini neno lako moja tu, na nitazifungasha tena. Niambie matroni amesema nini.

Dada yako


12 Mei

Mwanangu,

Nimesoma barua yako kwa mdogo wako, kwa ruhusa yake. Nilitaka kukuficha ili usome kwa amani. Bibi yako ameniambia kwamba amani ya namna hiyo ni ya kaburini. Basi, nimesikia.

Mabomba nimetoa. Mashuka sasa yanapepea kama walevi. Nimefumba macho kama ulivyoagiza, nikagonga kichwa kwenye hita, siyo sana. Kamba za nyongeza nimekata. Mapindo yanaelekea feni, mdogo wako anapita nyuma yangu akihakiki na kunipa maksi. Leo nimepata nane kwa kumi. Nimeuliza mbili zimekwenda wapi, ameniambia nitafute mwenyewe.

Sikukupeleka chuo ili unifundishe kutundika shuka. Lakini umenifundisha, na mimi si mtu wa kukataa kujifunza.

Kaa huko umalize. Hilo si ombi.

Baba yako


16 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Amekuja mwenyewe. Hakusubiri tupeleke, alikuja na gari la hospitali akasimama katikati ya duka na viatu vyake vyeupe, na nje mvua inanyesha kwa nguvu kama inataka kutuonyesha.

Baba aliweka mabunda mezani akarudi nyuma hatua moja. Mimi nilijifanya napiga pasi, ingawa pasi haikuwa na moto. Matroni alichomoa shuka katikati ya bunda la kwanza. Akaliweka shavuni, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu, nikaanza kufikiri atapata sababu nyingine ya kuyarudisha. Akachomoa lingine kwenye bunda la chini kabisa. Shavuni tena. Hakufumbua macho. Akasema, "Fundi, nimekesha zamu mbili. Ukiniacha hivi dakika tano nitalala hapa hapa."

Baba akamletea kiti.

Kabla ya kuondoka aliuliza tumefanyaje katika mvua hii. Baba akasafisha koo, nikajua ataanza, na kweli akaanza. Alimweleza habari ya tabaka la mpaka toka mwanzo mpaka mwisho, pamoja na vumbi la feni. Alimpandisha matroni mzima kwenye kiti akaangalie mapanga. Alieleza vizuri, Dada. Alikosea sehemu moja tu, nami sikumsahihisha mbele ya mgeni. Mashuka yatabaki kwetu. Tunatundika nusu nusu, na nusu zote mbili zinakauka kwa muda ambao zamani hata moja haikukauka.

Mwalimu wangu wa fizikia nimempa kazi yangu ya upepo. Kumbe ilikuwa ya shule kweli, mwishowe. Ameniuliza kama nimewahi kufikiria kusoma mambo haya nikimaliza hapa. Nimemjibu kwamba nafikiria. Kisha nilitembea kurudi nyumbani kwenye mvua bila kufungua mwavuli.

Sasa kuna jambo moja limebaki. Mimi na wewe tulifichana, na kidogo tupoteze duka na shahada kwa pamoja, kwa hiyo nakuambia na hili. Nimekukumbuka. Si kidogo. Jioni nakunja mashuka na Baba, yeye anashika pembe zake na mimi zangu, tunasogea mpaka tukutane katikati, na kila tukikutana nainua macho nikidhani nitakuona wewe. Mwezi wa nne niliiandika ile sentensi ya kukurudisha nyumbani. Niliiandika kweli, nikaichana. Nilitaka urudi na nilitaka usirudi, na mpaka leo nataka yote mawili.

Usifungashe kitu. Hii si sababu ya kurudi. Ni habari za nyumbani tu, nimeona usizikose.

Mdogo wako akupendaye,
Kibanio